Wiki Ambayo Mama Hakubeba Maji

Kila ninaponusa mawese yanayochemka, narudi Kashebere, kwenye joto ambalo sisi watoto wa milima ya Nyamitaba hatukulizoea. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Parokia yetu ilichagua familia zisizo na uwezo, ikazilipia lori na nyumba kwa wiki moja ya mapumziko. Sisi tulichangia kikapu kimoja cha maharage. Mama alikuwa amezika mtoto mchanga mwezi uliotangulia, na hakuwa amepumzika hata siku moja. Mimi, mwenye miaka kumi na miwili, niliona aibu tu. Wenzangu shuleni waliiita likizo ya maskini, kwa hiyo niliificha ndani ya daftari barua ya padri, ambayo bila hiyo dereva asingetupakia.

Asubuhi ya safari Mama alipekua nyumba nzima. Mwishowe alisema, "Basi, tubakie," akachukua jembe. Kule kulichukua bila kulalamika ndiko kulikonishinda. Nikaitoa barua. Nilingoja fimbo, lakini Baba alisema tu, "Funga mizigo."

Kashebere wapishi walikuwepo, na sharti lilikuwa moja: mama yeyote asiguse kazi. Lakini maji ya kuoga yalikuwa mtoni, na kwetu mwanamume hakubeba maji. Siku ya kwanza akina baba walitazamana hadi jua likapanda. Kisha baba yangu akachukua ndoo.

"Papa, umekuwa mwanamuke?" jirani yetu akamtania.

Baba hakusimama. "Hapana, kaka. Niko mu likizo."

Kesho yake jirani naye alikuwa njiani, na ndoo mbili. Mama alilala hadi saa tatu. Siku ya nne nilimsikia akicheka na wenzake, kicheko kikubwa nilichodhani kilizikwa pamoja na mtoto.

Tuliporudi, Baba aliendelea kubeba maji hadi uzeeni, na nyumba nne za kilima chetu zikamfuata. Kikapu cha maharage na nauli ya lori vilizaa hayo yote. Mimi ndiye niliyesoma hadi sekondari, nikaoa, nikamwachia mke wangu ndoo kwa miaka arobaini, nikijiambia kwamba nina kazi za ofisi. Kosa hilo ni langu, si la desturi. Mwaka huu nimeanza kushuka kisimani. Siku ya kwanza mke wangu alikaa mlangoni, akanitazama nikihema.

"Weka pale, Papa," akasema. "Na kesho uamuke mapema, maji ya leo haitoshi."