Mjane na Juzuu ya Pili

Mjane hukaa ndani mwaka mmoja. Anastasie alikuwa amekaa mwaka na miezi minne katika nyumba ya mama mkwe wake, mtaa wa Saio, Bunia, hata nguo yake nyeusi ilikuwa imegeuka kahawia kwa kufuliwa. Desturi ya ukoo wa marehemu mumewe, watu wa Mahagi, haikumruhusu kuvuka ua mpaka wazee waje kuondoa matanga. Na wazee hawakuja. Kila mwezi shemeji yake Hubert alileta habari ile ile: barabara ya Mahagi ina watu wenye bunduki, hakuna mzee mwenye akili zake atakayepanda gari. Nani angebishana na bunduki? Mama mkwe, Mama Berthe, aliitika tu kwa kichwa.

Kabla ya msiba Anastasie alitunza maktaba ya vijana ya parokia, makabati mawili na mabenchi manne. Ndiko alikoupatia ugonjwa wake. Alivisoma vitabu vya wasichana wa miaka kumi na tano zaidi kuliko wasichana wenyewe, kisha akawasukumia walimu, masista, hata katekista. Watu walimcheka, mama mzima na hadithi za watoto wanaotoroka nyumbani. Yeye alijibu kwamba vitabu vya wakubwa vimejaa watu waliokata tamaa, na hao anawaona bure barabarani. Hakukosea.

Mwalimu Charlotte, aliyemshikia maktaba, kila alipokuja kumpa pole, alimletea kitabu kimoja ndani ya kitenge. Kimoja kilihusu msichana yatima aliyelelewa na bibi yake kando ya ziwa, na mjomba mmoja mkorofi aliyetaka kumwoza kwa rafiki yake. Mama Berthe hakujua Kifaransa, lakini kuuliza alijua sana. Siku moja wakichambua maharage alitaka kuambiwa ni sala gani hiyo inayomliza mjane kwa sauti. Anastasie akaanza kumgeuzia kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa.

Baada ya wiki moja mama mkwe alikuwa hana hali. Aliunguza mboga ya sombe mara mbili. Akaenda kuwasimulia wenzake wa chama cha Legio Maria kanisani, na Alhamisi wakaja mama watano wazima eti kutoa pole, pole ya mwaka na miezi minne. Walikaa wakauliza kama yule mjomba amekwisha kufa. Mmoja alisema nyumbani kwake sasa hata mzee wake anangojea habari, ila anajifanya hasikii.

Hapo Anastasie alianza kutumaini. Alijua kwamba mama mzazi wa marehemu anaweza kumvua mjane nguo nyeusi hata wazee wasipokuwepo. Neno lake moja linatosha. Na juzuu ya kwanza iliishia pabaya kweli, msichana amefungiwa kwenye ghala la mjomba, mlango una kufuli. Anastasie akapiga moyo konde. Alimwambia mama mkwe kwamba juzuu ya pili imo katika kabati la nyuma, na bila mkono wa Anastasie mwenyewe hakuna mtu atakayeiona. Ilikuwa nusu kweli.

Siku ya tatu Mama Berthe alitoka chumbani amevaa kitenge cha Jumapili. Anastasie alikuwa ameshaosha miguu na kuweka viatu karibu na mlango. Mama mkwe akampita, akamwambia aangalie maharage motoni, akapanda pikipiki ya kukodi, yeye na miaka yake sabini na tatu.

Alirudi saa nane, vumbi mpaka kwenye nyusi, kitabu kwapani. Yeye na Charlotte walikuwa wamemwaga kabati zima chini. Anastasie alitaka kulia, tena alitaka kukichana kitabu kile. Hakufanya lolote. Aliambiwa asome, akasoma.

Msichana alitoboa paa la ghala, akashuka kwa kamba, akapanda lori, akaenda zake. Mama Berthe akainua mkono.

"Na koko yake, alibaki na nani?"

Anastasie alifunua mbele, akafunua tena mpaka mwisho. Bibi hakutajwa popote.

"Kitabu haisemi, mama."

"Ndjo vile." Mama Berthe alitazama mikono yake. "Mutoto wangu iko mu kaburi. Siku nitakuvua hii nguo, weye pia utaenda. Barabara ya Mahagi ilifunguka toka mwezi ya tatu. Miye nilimwambia Hubert aseme bado."

Hasira ilimpanda Anastasie mpaka masikio yakawaka. Miezi yote ile amelaani bunduki, kumbe kufuli liko hapa, linachambua maharage naye. Alimtazama yule mama, akaona kidevu kinamtetemeka, na huruma ikamwingia bila kuitaka. Akainamia ukurasa. Akasoma yasiyoandikwa: kwamba msichana alipata kazi mjini, na kila Jumapili alirudi kwa bibi yake na samaki wa chumvi, wakala pamoja, akalala huko huko.

Mama Berthe alisikiliza mpaka mwisho.

"Unadanganya," alisema. "Lakini soma ile tena."

Anastasie akairudia. Akairudia kesho yake, na kesho kutwa, akiwa bado amevaa nyeusi.