Barua ya Mjumbe

Fomu ilikuwa na kurasa tisa, na nane kati ya hizo mimi na mume wangu tulizijaza kwa jioni moja, tumekaa mkekani, tukichekana mwandiko. Ilitoka kwenye mfuko wa hisani unaowasaidia watu kulipia matibabu ya uzazi, yale ya kupandikiza mimba, ambayo sisi wa Tanga huyafuata Dar es Salaam. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyetudokeza, akatuambia tuwahi, kwa sababu maombi yangefungwa mwisho wa mwezi.

Ukurasa wa tisa ndio uliotukausha vicheko. Juu, daktari alishaandika tatizo letu ni nini. Chini yake, kwenye karatasi ileile, mjumbe wa mtaa wetu alitakiwa kuandika kwamba anatufahamu, kwamba ni mume na mke, na kwamba hatuna mtoto, kisha atie sahihi. Aliyeibuni fomu ile nadhani hajawahi kuishi mtaani.

Mjumbe wetu pale Makorora ni mama mkwe wangu.

Miaka miwili kabla ya hapo tulipima wote wawili. Mimi nilionekana sina kasoro. Mbegu za mume wangu ndizo zilizokuwa chache na dhaifu. Tulipotoka kwa daktari alinishika mkono koridoni akasema maneno mawili tu: "Mama asijue." Nikamkubalia, kwa kuwa nilimwona alivyonywea, na kwa kuwa nampenda.

Lakini mama mkwe alikuwa na dawa yake. Kila mwezi aliagiza kutoka shamba, Maramba, chupa ya mizizi iliyochemshwa, ya kusafisha kizazi, na kizazi chenyewe kilikuwa changu. Tangu mwaka wa kwanza wa ndoa nilikuwa nikitoka nyumbani kwake na chupa chini ya kanga, majirani wakijua fika nimebeba nini. Baada ya majibu ya daktari niliendelea kuinywa. Ilikuwa chungu kuliko shubiri, na sasa nilijua nakunywa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine. Mimi si mpole. Nilikuwa nikimaliza kikombe naingia jikoni kugombana na sufuria.

"Twende tukaandikiwe Maramba, kwa baba mdogo," mume wangu akashauri.

"Tuseme tunaishi huko? Wakipiga simu kuuliza, utawaambia unalima mihogo?"

Siku zikapita, fomu iko juu ya kabati, yeye anaipita kama haioni. Zilipobaki siku tatu nikachoka. Mchana ule aliporudi kutoka karakana yake ya kuchomelea mageti, alifunua kawa akitarajia wali, akakuta fomu.

"Chakula kiko wapi?"

"Hicho ndicho cha leo. Mimi sipeleki kwa mama. Ataipeleka mwenye nayo."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Baada ya sala ya alasiri tukaongozana.

Tulimkuta mama mkwe barazani anachagua mchele. Tukampa shikamoo, akatuitikia marahaba, akaweka ungo kando na kuvaa miwani yake iliyofungwa uzi. Alisoma kidole kikifuata mistari, akafika pale daktari alipoandika, kwa Kiingereza chake cha haraka haraka, akakwama.

"Hapa pasema nini? Mimi sitii mkono nisichokijua."

Nakiri kwamba uongo nilikuwa nao tayari mdomoni. Ningesema tu kizazi changu kina matatizo, naye angeamini, angetia sahihi, na sisi tungewahi siku. Nilimtazama mume wangu. Jasho lilikuwa linamtiririka na hapakuwa na joto.

"Pasema ni mimi, mama," akasema. "Mke wangu mzima. Tatizo ni langu."

Mama mkwe alivua miwani. Akaipangusa kwa upindo wa kanga.

"Mwalijua hili tangu lini?"

"Mwaka juzi."

Akanigeukia mimi. "Na dawa zangu wanywa?"

"Nakunywa, mama."

"Zote?"

"Zote."

"Chungu vile?" Akashika kichwa. "Wallahi mmenifanya kiroja. Haya, na hayo matibabu, mbegu ni ya mwanangu na yai ni lako? Haingii mtu wa kando?"

"Ni yetu wenyewe, mama. Hakuna mwingine."

"Basi nipe kalamu."

Aliandika polepole, herufi kubwa kubwa, akatia sahihi. Aliponirudishia karatasi hakuiachia. "Mwanangu," akasema, "niwie radhi." Nikakaa kwenye kizingiti. Sikujua kabla ya hapo kwamba nilikuwa nimebeba mzigo mzito kiasi kile.

Tuliituma fomu kesho yake. Wiki kadhaa baadaye nikapigiwa simu: mfuko ungelipia dawa na kazi yote ya maabara, sisi tujitafutie nauli na pa kulala. Nilimpigia mume wangu karakanani nikawa nalia tu, yeye akadhani kuna msiba, akaacha geti la watu nusu akaja mbio.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi mtaani, nasi wanawake tulikuwa uani tunamenya vitunguu vya pilau. Mama mmoja, mwenye midomo isiyotulia, akaniangalia tumbo na kumwambia mama mkwe kwa sauti ya kusikika hadi chunguni:

"Mkaza mwanao huyu, mbona hatuletei mjukuu? Dawa za Maramba zimegoma?"

Mikono yangu ilisimama. Mama mkwe hakuinua hata kichwa.

"Mke wa mwanangu hana kasoro yoyote," akasema. "Aliyekuwa akimpa dawa ni mimi, na nilikosea. Mwenye neno jingine juu yake aje kwangu, mjumbe ni mimi."

Mtu akaomba chumvi na kazi ikaendelea. Jioni nikamsindikiza hadi kwake. Nikaanza kumshukuru, akanikatiza.

"Wacha hayo. Hizo sindano za matibabu zaanza lini?"

"Mwezi ujao, inshallah."

"Basi nitakwenda nawe Dar. Mtu hadungwi peke yake."

Kama mimba itashika, sijui. Daktari mwenyewe hakuahidi. Nilimuaga nikapita katikati ya mtaa, majirani wakiwa vibarazani kama kawaida yao, macho yao yakitafuta chupa chini ya kanga yangu. Nikaifungua kanga, nikajifunga upya, polepole, ili waone vizuri.