Lugha ya Mtoto wa Fundi

Fundi mmoja wa magauni aliishi na virusi vya Ukimwi tangu kabla hajaolewa, na mumewe alijua. Mimba ilipoingia, hakuruka dawa hata siku moja. Akizitapika, anameza tena. Binti akazaliwa mzima, na kila kipimo kikaonyesha hana virusi.

Lakini alipofikisha mwaka na nusu, mtoto alikuwa hasemi. Ukimwita: "Mmh." Ukimpa uji: "Mm-mm." Mama mkwe akashika kiuno.

"Si nilisema! Miezi tisa anakunywa dawa tumboni, angetoka na ulimi kweli?"

Maneno hayo yalimchoma fundi. Akawa anampima mtoto kichwa kwa tepu kila asubuhi aone kama kinakua, kama anayemshonea kofia, hadi mtoto akiiona tepu anainamisha kichwa mwenyewe.

Kliniki walikuwa wakifuatilia ukuaji wa watoto waliokutana na dawa tumboni. Wakaenda wote watatu: fundi, mtoto na mama mkwe. Mtoto akapanga vibao vinne, akapiga mpira teke, kisha akachomoa kalamu mfukoni mwa muuguzi na kulichorachora faili lake.

"Miguu mizima, mikono mizima, adabu ndiyo bado," muuguzi akasema. "Nani hushinda naye?"

"Mimi. Hucheza chini ya meza ya cherehani."

"Unaongea naye?"

"Kutwa!"

"Akigusa mkasi unamwambiaje?"

Fundi, bila kufikiri, akabana midomo kama aliyeuma pini: "Mm-mm!"

"Mmh," mtoto akaitikia.

Mama mkwe alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Ndivyo anavyoongea kutwa, pini mdomoni!"

"Dada," muuguzi akasema, akijifuta machozi, "dawa zimemkinga huyu. Ninavyoona, amejifunza lugha ya mama yake, ila mama ana pini mdomoni. Zitoe, umtajie kila kitu. Na umrudishe baada ya miezi mitatu, tusipuuze. Dawa zako usiache."

Fundi akashona kitakia cha kuchomekea pini, akaanza kutangaza kazi kama mpira wa redioni: "Nakata mkono! Napinda pindo!" Mumewe akirudi, anauliza mgeni ni nani.

Wiki ya tano, mteja mmoja alijaribu gauni, akabana pumzi, akatangaza limemkaa sawasawa.

"Imebana!" ikasikika kutoka chini ya meza.

Fundi akacheka, akalia, akamnyanyua mtoto juu. Mteja akaachia pumzi, na zipu ikaachia naye.

"Haya," akasema, "mtoto ameshasema. Niongezee inchi mbili."