Gari la Hamali la Watu Sita

Saa mbili kasorobo asubuhi, Malindi ya Unguja. Gari la hamali limesimama tupu mbele ya ghala la karafuu, na Silima Pandu analizunguka akipaka mafuta magurudumu. Wala hayana haja ya mafuta, aliyapaka jana. Mkono unatafuta kazi tu, kwa sababu roho imeshatangulia ndani kwa msimamizi wa ghala, ambaye leo anataka jibu.

Msimu wa karafuu wa mwaka huu wa 1958 umebisha hodi. Gari litakalopewa mizigo ya ghala hili lina uhakika wa kula hadi mwisho wa mwaka. Sharti ni moja. Wenzake watatu, wale wa chama cha upande wa pili, watoke.

"Nyumba sita zinakula kwenye gari hili," ananiambia Silima bila ya kuinua kichwa. "Nikikubali, tatu zinalala njaa. Nikikataa, labda zote sita. Hebu niambie wewe uliyesoma."

Tangu zile kura za mwaka jana, mji umeingia kichaa. Duka la fulani haliendewi, harusi ya fulani hailiwi, na wapo waliokula chumvi nyingi wanaopishana njiani kila mmoja akitazama ukuta. Mahamali nao hawakusalimika.

Silima ana umri wa miaka arubaini na tatu na anakaa Jang'ombe. Wakati wa vita kuu alikuwa koplo katika Keya, jeshi la Mwingereza, akapigana na Wajapani huko Bama. Alirudi na medali moja, ambayo mkewe, Bi Mwamvua, ameifungia ndani ya mkebe wa biskuti, na goti linalomuuma kila mvua ikikaribia. Kazi ya gari ameifanya miaka kumi na moja. Siku njema kila mtu huondoka na shilingi tano. Siku mbaya huondoka na jasho lake.

Na kazi hii si ya nguvu tu. Watatu huvuta mbele, watatu husukuma nyuma. Magunia yakishapangwa, wa nyuma haoni kitu. Macho yake ni mdomo wa aliye mbele, anayewapigia wapita njia kelele "Habedari!" ili wapishe, na kuwapigia wenziwe "Simama!" panapokuwa na hatari. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo mtu akinyoosha mikono anagusa nyumba mbili, neno hilo la pili ndilo linalookoa watu.

Mwezi wa Mei, watu wa gari la Silima walianza kurushiana maneno. Asubuhi siasa, mchana siasa, hata ndoo ya maji ikawa na chama. Silima akachoka. Akaona bora awatenge: Machano Usi na wenzake wawili wa upande wa pili mbele, yeye mwenyewe na wawili wa chama chake, Bakar na mwengine, nyuma.

"Wakanyamaza," anakumbuka. "Nikasema alhamdulillahi, amani imekuja. Kumbe wapi!"

Siku ya tisa, kwenye kona moja ya Kiponda, mwanamke alitoka mlangoni na mtoto mgongoni. Machano akapiga kelele: "Simama!" Gari halikusimama. Mwanamke alirukia barazani akasalimika. Machano, akijaribu kulizuia gari peke yake, alipitiwa na gurudumu juu ya mguu.

Bakar, kijana wa Bububu mwenye mabega mapana na maneno machache, hajifichi. "Nlimsikia," anasema. "Nikajisemea, huyu tena na amri zake. Nikasukuma."

Silima naye anasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. "Na mimi nlisikia. Mimi koplo mzima! Nikangojea nijue kwanza nani kasema." Anafuta macho kwa kiganja chenye mafuta. Hajali.

Bi Mwamvua hakumwonea huruma siku ile. "Ulitenga watu kama unapepeta mchele na chuya," alimwambia. "Sasa nenda ukamtazame mkewe usoni."

Alikwenda. Wiki tano nzima Silima na Bakar walipeleka chakula nyumbani kwa Machano. Wiki ya kwanza hawakukaribishwa ndani. Ya tatu waliwekewa mkeka. Ya tano walitiliwa chai.

Habari hizo zilimfikia Mwalimu Msabah, anayesomesha tarehe, yaani historia, katika skuli moja ya Ng'ambo. Anatayarisha mhadhara kwa walimu wenzake juu ya machafuko ya nchi, ulinzi na uongozi wa majeshi, na siku hizi kila Ijumaa baada ya sala huonekana Jang'ombe na daftari lake.

"Wataalamu wanabishana," Mwalimu alimwambia Silima Ijumaa moja. "Huyu anaandika kuwa fujo huletwa na njaa, yule anaandika kuwa huletwa na wakubwa wanaogombea kiti. Wote hawajasukuma gari."

"Njaa sote tunayo, Mwalimu," Silima alimjibu. "Fujo inaanza siku mtu anaposikia 'simama' akauliza kwanza nani kasema. Bama nliyaona hayo. Kikosi kilichogawanywa makabila, risasi ya kwanza tu, kila mtu anamtafuta wa kwao. Nliyaona kwa macho yangu, na bado nikaja kuyafanya kwetu."

Mwalimu aliyaandika yote. Kisha akamwomba aje ayaseme mwenyewe mbele ya walimu.

Mlango wa ghala unafunguliwa. Msimamizi anatokea na kalamu sikioni.

"Silima, umeamua?"

"Nshaamua, bwana. Tupo sita."

"Nlikwambia watatu."

"Wewe unanipa mizigo. Watu nnao mwenyewe."

"Basi na mizigo huna!" Mlango unafungwa.

Wenzake wamesikia. Machano, anayerudi kazini leo huku akichechemea, anainamisha kichwa. "Mngeniacha mimi tu. Mguu wenyewe huu."

"Hebu nyamaza," anasema Bakar. "Shika gari."

Wanazunguka Malindi nzima. Wenye mizigo wawili wanawakatalia baada ya kuwauliza chama. Karibu na adhuhuri, mfanyabiashara mmoja mwenye magunia ya vitunguu anawaita kwa mikono miwili. "Vitunguu vyangu vinaoza, mimi sina muda wa kuuliza chama!" Mahamali wanacheka mpaka Machano anashika ubavu. Ujira ni shilingi tatu kila mmoja, na mzigo mwengine kesho.

Silima anajua shilingi tatu si msimu. Lakini ana mpango. Gari hili ni la kukodi, na sita hawa wamekubaliana kuweka akiba kidogo kidogo wanunue lao, lisilo na kodi, ili njaa isiwalazimishe kuchaguliwa watu na tajiri. Jumapili atavaa kanzu yake nyeupe akazungumze na walimu. "Watanicheka kidogo," anasema, "halafu watasikiliza."

Na gari hilo jipya, nani atashika mbele?

"Kashaomba Bakar," anasema Silima. "Anasema safari hii mguu wa mbele uwe wake, na Machano akae nyuma yake."