Kitenge cha Msiba kwenye Blanketi la Mtoto

Je, mtoto mchanga anaweza kufunikwa kitambaa ambacho watu walikivaa siku ya kumzika babu yake? Swali hilo lilininyima usingizi, na ubaya ni kwamba sikuwa na mtu wa kumlaumu. Kitambaa nilikishona mwenyewe.

Dada yangu, aliyeolewa Iringa, alikuwa karibu kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mimi nilikuwa nyumbani Mbeya kwa mama, nimemaliza chuo, nasubiri majibu ya maombi ya kazi na kuyahuzunikia kabla hayajaja. Mikono yangu ikikaa bure, kichwa kinachakarika. Nikaamua kumshonea mtoto blanketi la viraka, kwa njia ya kushonea juu ya karatasi niliyoiona kwenye simu.

Njia hiyo ilinifaa kwa sababu haikuachii nafasi ya kubahatisha. Unachora nyota kwenye karatasi, kila sehemu na namba yake. Kitambaa unakiweka chini ya karatasi, halafu unapitisha cherehani juu ya mstari. Ukimaliza unageuza kiraka, unapiga pasi, unakata kilichozidi, unaweka kinachofuata. Ukifuata mstari, mshono hauwezi kupinda. Karatasi inachanwa mwishoni kabisa, nyota zote zikishaungana. Ila muda wote unaposhona macho yako yako kwenye mistari. Kitambaa kiko chini, hukioni.

Mabaki ya vitambaa nilipewa sokoni Mwanjelwa na fundi aliyetushonea nguo tangu tukiwa shule. Alinijazia mfuko, akanitania mbele ya wateja kwamba wenzangu wanarudi kutoka chuo na mchumba, mimi nimerudi na hamu ya vitambaa. Nilicheka, halafu nikaitafakari kauli hiyo njia nzima hadi nyumbani.

Nilikata vipande vyembamba, vingine kama kidole, na vyote nilivipiga pasi upande wa karatasi. Kipande chembamba hakionyeshi ua zima. Kinaonyesha rangi tu, na kijani ni kijani. Siku nilipoziunga nyota na kuzitandaza kitandani zikitazama juu, nilirudi nyuma mpaka mlangoni ili nizione vizuri. Ndipo nikawaona ndege wa njano juu ya kile kijani, huku bawa, kule mkia.

Ilikuwa sare ya msiba wa baba. Fundi yule ndiye aliyezishona, magauni ya kina mama na mashati yetu, na hata wakwe wa Iringa walipelekewa vitenge vyao. Mabaki yalibaki kwenye mfuko wake, na mimi nilikuwa nimeyatawanya karibu katika kila nyota.

Mama aliingia, akaangalia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Kitoe," alisema. "Hicho hakimfuniki mtoto."

Alisema wanawake watakaokuja kumwona mzazi watakijua mara moja, maana wanacho makabatini mwao. Watasema tumemviringisha mjukuu kwenye msiba. Nilijaribu kufumua nyota moja, lakini kwa njia hii mishono huwa mifupi sana ili karatasi ichanike kirahisi, na kufumua kwake ni kama kung'oa nyasi kwa kibano. Karatasi ikapasuka, kitambaa kikavutika, nyota ikainamia upande.

Nikaacha, nikaanza kuwaza. Nikikitoa, nitakuwa nimemtoa baba? Nikikiacha, dada atakiona na kulia, mtoto akiwa tumboni. Hatujawahi kumzungumzia baba tangu tuanue matanga. Tukipigiana simu tulizungumza kuhusu mvua na maharage. Niliandika ujumbe wa kumweleza, nikaufuta, nikauandika tena. Mwishowe nililikunja blanketi pamoja na karatasi zake, nikamwambia mama naenda kumwuliza mwenyewe.

"Na akilia?" mama aliuliza.

Nikamwambia sijui. Nikapanda basi la Iringa.

Dada alinipokea kwa "kamwene", salamu ya ukweni kwake, kama anavyofanya siku zote ili kunichokoza. Nililitandaza blanketi kwenye kochi kabla hata ya chai. Karatasi zake zilichakarika kama maganda ya mahindi. Akapitisha mkono juu yake taratibu, akafika kwenye kijani, mkono ukasimama.

"Hii ya baba."

Nikaanza maelezo niliyoyaandaa tangu basi lilipopita Makambako. Fundi, mfuko, pasi upande wa karatasi, mama alivyosema, wakwe watakavyosema. Dada alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia.

"Umetoka Mbeya kuja kukiombea msamaha kitambaa?" Akakaa, mkono tumboni. "Mdogo wangu, gauni langu la hicho kitenge ndilo ninalofulia. Ndilo pekee linalonienea siku hizi. Na kila nikilivaa huyu anapiga teke. Sijui ni mambo ya babu yake au ni maji ya baridi."

Alicheka, kisha akafuta macho kwa kiganja, na bado anacheka. Nilimwuliza nikitoe au nikiache.

"Usinipe mimi hiyo kazi. Mshonaji ni wewe. Wewe unataka nini?"

Nilikuwa nimepima maoni ya mama, ya wakwe, ya fundi, hata ya mtoto ambaye hajazaliwa. Yangu sikuwa nimeyauliza.

"Nakiacha," nikasema.

Kabla sijaanza kujirudi nilimpigia mama. Nilimwambia kitenge kinabaki, dada amekiona, na wageni wakiuliza wajibiwe kwamba ni mimi niliyekiweka, kwa makusudi sasa. Mama alipunguza sauti ya redio yake. Kisha akauliza upande wa chini nitaweka kitambaa gani, maana Iringa kuna baridi.

"Flaneli, mama."

"Iwe nzito," akasema, akakata.

Nikaligeuza blanketi, karatasi zikawa juu. Dada akashika upande mmoja kulikaza. Nikaanza na nyota yenye kijani kingi kuliko zote, nikashika kona ya karatasi, nikaichana.