Kontra ya Mama Riziki

Watu wa Kimanga, mtaa wa Uvira, walipomwona Riziki Amisi ameshika usukani kwa mara ya kwanza, walitoka madukani wakasimama kando ya barabara kama wanaotazama harusi ikipita. Mwanamke wa miaka hamsini na ushee, kitambaa kimekaa sawasawa kichwani, anaendesha kamioneti nyeupe aliyoinunua mwenyewe. Hakupiga honi wala hakupunga mkono. Lakini alipita polepole kuliko ilivyohitajika, na hilo kila mtu aliliona.

Alikuwa ameanza kwa kuuza mchele kwa kopo, mbele ya nyumba ya baba yake. Baadaye akauza kwa gunia. Kila msimu alikodi magari ya watu kwenda kuchukua mpunga Lubarika, na kila msimu alikaa akingojea shofere apende mwenyewe. Siku moja mvua ilinyeshea magunia yake huko Sange, shofere yuko ndani ya baa. Alisimama pale amelowa, akaapa kwamba mpunga wake hautamngojea mlevi tena. Ilichukua miaka, lakini gari ilikuja.

Gari haikuwa na miezi mingi mikononi mwake alipokuja Léopold. Huyu alikuwa kijana mtanashati, mwakilishi wa nyumba ya magari ya Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, iliyomuuzia ile kamioneti. Alimkuta Riziki barazani akinywa chai na mdogo wake Jafari.

"Mama Riziki, garanti ya miezi sita iko karibu kuisha," alisema, akitoa karatasi za mkataba mkobani. "Nimekuletea kontra ya matengenezo. Unalipa mara moja, kisha miaka tatu unatulia. Vidanje ya kubadilisha oili, freni, motere, yote iko juu yetu."

Jafari hakungoja dada yake amwulize. "Yaya, chukua. Ao umesahau kamio ya baba?"

Hakuwa amesahau. Marehemu mzee Amisi alikuwa na lori, na alikuwa na neno lake: "Itafika tu." Oili ikikauka, itafika tu. Freni zikilia, itafika tu. Likamfia Kiliba, likavutwa kwa kamba mpaka nyumbani, likasimama uani hadi kuku wakatagia kwenye kiti cha shofere. Tangu hapo mzee akitoka msikitini alikuwa akiingilia mlango wa nyuma ili asilione. Riziki alikuwa msichana tu, lakini aliona baba yake anavyozunguka nyumba yake mwenyewe kama mgeni.

Kwa hiyo mkono ulimwasha kutia saini. Ila katika maisha yake hakuwa amewahi kununua gunia bila kuingiza mkono mpaka chini.

"Nikuulize," akasema. "Gari ikipata pane, ikiharibika Luvungi, nani anakuja?"

"Unaileta kwa garaji yetu, Bujumbura."

"Na mupaka ukiwa umefungwa?"

Léopold akakohoa. "Mupaka utafunguliwa tu, mama."

"Minye nakuuliza ile siku iko umefungwa." Riziki akammiminia chai. "Sijakataa. Kesho asubuhi naenda Lubarika. Panda na weye, na hiyo kontra yako tutaisoma kwa njia."

Léopold alikuja na shati jeupe na viatu vilivyochongoka. Mpaka Kiliba alikuwa akipiga hadithi. Baada ya Sange hadithi zilimwishia, maana mvua ilikuwa imeikata barabara vipande vipande, naye akashika mlango kwa mikono miwili. Riziki aliivusha gari kwenye mashimo kama mtu anayemvusha mgonjwa mto: pole, huku, sasa hapa. Moyoni alifurahi kuwa kuna mtu wa kuona.

Lubarika walipakia mpunga, na Marie-Jeanne, mama aliyeongoza ushirika wa wakulima, akapanda ili ashuke Uvira kwa mambo yake. Walikuwa hawajafika mbali wakati gurudumu la nyuma liliposhuka kwenye shimo lililojaa maji. Kitu kikalia *kwa!* na kamioneti ikainama upande mmoja.

Riziki akashuka, akainua kitenge chake, akachungulia chini. Resori, ile springi ya chuma inayobeba mzigo, imekatika.

"Léopold, mutoto yangu, sasa soma."

Léopold alisoma akiwa amesimama kwenye matope, sauti ikipungua kadiri alivyoendelea. "Resori, amortiseri za kupunguza mtikiso na tairi hazimo. Zinahesabiwa kama vitu vya kuchakaa."

"Basi motere ambayo haijaniumiza munaitunza ninyi. Resori inayovunjika kila mvua ni yangu."

Marie-Jeanne alicheka mpaka akashika ubavu. "Baba, unamuuzia mama mwamvuli wa kiangazi!"

Léopold hakukasirika. Alikunja zile karatasi, akatazama viatu vyake. "Mama, ungekuwa mama yangu muzazi, ningekuambia usitie saini."

Kwa neno hilo Riziki alimpenda. Wakafunga resori kwa kamba na kipande cha mti, wakaenda mwendo wa jongoo hadi Kasenga, mtaa wa Uvira, kwenye garaji ya Pontien, fundi ambaye nusu ya magari ya uwanda yanamjua. Léopold akakaa mpaka kazi ikaisha, akitazama.

"Sasa sikia," Riziki akamwambia. "Patron wako aniandikie kontra ya Uvira. Mwaka mumoja, si mitatu. Kazi ifanyike hapa kwa Pontien, ninyi mumulipe. Na resori na amortiseri ziingie."

"Patron atakataa."

"Umwambie wenye magari ya mpunga wananiangalia minye. Nikitia saini, wanatia. Nikiacha, wanaacha."

Hayakuwa majigambo. Lubarika hakuna aliyetaja bei kabla ya kuuliza Riziki ametoa ngapi.

Jibu la patron, mkubwa wa Léopold, lilichelewa sana. "Yaya, umevimba kichwa," Jafari akamwambia. "Utakosa yote mbili." Neno hilo lilimkaa Riziki moyoni. Siku zile alikuwa akizima redio kila gari ilipotoa sauti asiyoijua, na mara mbili alimwendea Pontien bure, akaambiwa ni jiwe tu limenasa.

Hatimaye patron alivuka mwenyewe, mtu mnene wa heshima, akakaa barazani pale pale. Resori alizikubali. Amortiseri akazikataa. Walivutana mpaka adhana ya alasiri, Riziki akainuka akaenda kuswali, akamwacha na Jafari na chai iliyopoa. Aliporudi, patron alikuwa anapangusa jasho.

"Amortiseri za nyuma tu, mama. Za mbele, hapana."

Riziki alifikiri kidogo. Mzigo unakaa nyuma. "Za nyuma tu," akakubali, akaandika jina lake lote, Riziki Amisi, taratibu, kwa herufi kubwa.

Kabla mwezi haujaisha, wenye magari wengine walikuwa wamefuata, na Pontien alilazimika kuongeza paa la mabati. Jafari ndiye sasa anayelisimulia jambo hili sokoni, tena kwa namna ambayo msikilizaji huweza kudhani shauri lilikuwa lake. Riziki humwacha aseme.

Juzi alikuwa Luvungi anapakia, mfanyabiashara mmoja kutoka Bukavu akamkaribia, akaizunguka kamioneti, akapiga resori kwa ncha ya kiatu.

"Mama, samahani. Nimesikia kwa bureau ya wauza magari kuna kontra inaitwa ya Mama Riziki. Unamujua huyo mama?"

Riziki alikaza kamba ya mwisho juu ya magunia, akajifuta mikono, akapanda, akashika usukani.

"Ni minye," akasema, na safari hii honi aliipiga.