Nilivyoshtakiwa ofisi ya kata Mkuyuni kwa kumchukulia jirani mdundo wake

Wakuu, heshima kwenu. Hiki kisa kimenikuta mimi mwenyewe na sijatia chumvi, kilikuja nayo.

Ilikuwa miaka ya tisini, enzi za ruksa, spika kubwa zimeanza kuingia Mwanza. Nilikuwa fundi mitambo kwenye kaukumbi ka Mama Koku, pale Mkuyuni. Ukumbi mdogo, sabufa mbili kubwa kama makabati.

Upande wa kushoto kulikuwa na ukuta wa mabati, na nyuma yake anaishi Mzee Masanja na kuku wake wa mayai.

Mzee akadai besi yetu inawazuia kuku kutaga. Akaenda kushtaki. Mtendaji wa kata akatoa onyo: mzee akija tena, ukumbi unafungwa.

Jumamosi tulikuwa na harusi ya mchana. Mama Koku akaniambia, "Ukumbi ukifungwa, na wewe umefungwa."

Wakuu, mke wangu alikuwa mjamzito na tumepanga chumba Igoma. Niliogopa kweli.

Fundi mmoja wa bendi alishaniambia sabufa zinaelekezeka. Nikaweka moja mbele, nyingine nyuma yake, nimeziachanisha kidogo. Ile ya nyuma nikaigeuza waya, nyekundu nikachomeka kwenye nyeusi. Hapo moja inasukuma hewa, nyingine inavuta. Mbele kwa wachezaji besi inabaki, pembeni zinauana.

Harusi ikaanza. Nikakimbilia kwenye ukuta wa mzee. Kimya! Nasikia kuku wanavyoparua. Nikajiona profesa.

Sasa nilisahau kitu kimoja: pembeni zipo mbili.

Upande wa kulia ndiko ilikokuwa meza kuu, na mgeni rasmi ni mtendaji yuleyule. Katikati watu wanaruka, yeye anasikia mwimbaji na kinanda tu. Akatuma mtu: ongeza besi! Nikaongeza. Wapi.

Akainuka, akaenda katikati, besi ikampiga kifuani. Akarudi kitini, besi hakuna. Akaenda tena. Wakwe wakadhani ndiyo staili mpya, wakamfuata. Meza kuu nzima ikawa inakwenda na kurudi, mheshimiwa akiongoza.

Katikati ya hayo akaingia Mzee Masanja. Alikuwa kwake anasubiri besi aje kulalamika, haikuja. Akasimama pale katikati, akaisikia. Akarudi kwake, hakuna. Akaja tena, safari hii ananinyooshea kidole.

Mzee huyu alikuwa mcheza ngoma wa mashindano. Kwetu Usukumani inajulikana, anayewazidi wenzake ngoma ana dawa ya mganga.

"Huyu kijana ameufunga mdundo usifike kwangu," akasema mbele ya maharusi. "Nimemkosea nini?"

Jumatatu nikaitwa kata. Nikaeleza ukweli wote: mzee, ni waya tu, nyekundu na nyeusi.

Ofisi nzima ikaguna. Hizo ndizo rangi za nguo za waganga. Nilijimaliza mwenyewe.

Mtendaji, ambaye naye bado alikuwa na kinyongo cha meza kuu, akaamua: "Ukumbi sifungi. Ila leo hii umrudishie mzee mdundo wake, mbele ya mashahidi."

Tukaongozana hadi ukumbini. Nikarudisha waya mahali pake huku majirani wanachungulia. Mzee akaenda kwake, akaweka kiganja kwenye bati.

Nikawasha, nikamfuata kwake. Bati likatetemeka, kuku wakapiga kelele. Mzee akafumba macho.

"Umerudi," akasema.

"Shikamoo mzee. Nipunguze?"

"Marahaba. Acha hivyohivyo. Tangu mfungue huo ukumbi, leo ndiyo umeniamkia."

Toka siku hiyo, kabla ya kila shughuli nilikwenda kwanza kumwamkia na kumuuliza. Siku nyingine alisema punguza. Nyingi alisema ongeza, na kuku walitaga.

Nilichojifunza: ukiweza kuzuia sauti isimfikie jirani, hodi yako bado inatakiwa imfikie.

Mafundi wa siku hizi mnaoelekeza sabufa kwa kompyuta, njooni mnisahihishe. Na aliyewahi kushtakiwa kwa kosa lisilo kwenye sheria yoyote, asione aibu, aseme hapa chini.